Panzi wa muhogo: mmalize akingali udongoni

Ukiona panzi wakubwa wa kijani na manjano wamejaa kwenye muhogo, na majani yamebaki vijiti, ujue muda mzuri wa kuwadhibiti umeshapita kwa karibu miezi mitatu. Panzi aliyekomaa huvumilia dawa kuliko mtoto wake, amekwisha kula sehemu kubwa ya alichokuja kula, na muda si mrefu atataga kisha afe mwenyewe. Fedha inayomwagwa shambani wakati huo hurudisha kidogo sana. Kazi yenye faida ina nafasi mbili kwa mwaka: mayai yakiwa udongoni, na tunutu, yaani panzi wachanga, wakiwa wadogo na bado wamekaa pamoja. Mwongozo huu umejengwa juu ya nafasi hizo mbili.

Ni panzi gani huyu

Jina lake la kisayansi ni Zonocerus. Zipo spishi mbili. Zonocerus elegans ndiye anayeishi Tanzania, Msumbiji na kushuka hadi Afrika Kusini. Kwa Tanzania, wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ni mojawapo ya maeneo yanayomjua vizuri. Zonocerus variegatus ni wa Afrika Magharibi na Kati, anaenea Kongo mpaka Uganda. Tabia zao zinafanana kiasi kwamba njia za kuwadhibiti ni zilezile.

Mkubwa ana urefu wa sentimita 3 hadi 5, mwili wa kijani unaoelekea manjano wenye mistari myeusi, na vipapasio vyenye pingili nyeusi na za rangi ya chungwa. Tunutu ni mweusi mwenye madoa meupe au ya manjano, na huonekana kwa mbali kwa sababu hakai peke yake. Ukimshika panzi huyu hatoki mbio. Ni mzito, anatembea zaidi ya anavyoruka, na hutoa majimaji yenye harufu kali mgongoni. Rangi zile ni onyo: hujilimbikizia mwilini sumu anazozipata kwenye mimea fulani, zikiwemo alkaloidi zinazodhuru ini. Usimchanganye na senene, ambaye ana vipapasio vyembamba kama uzi vilivyo virefu kuliko mwili wake, na usiwaruhusu watoto kumchoma na kumla.

Si nzige pia. Wengi wao wana mabawa mafupi yasiyoweza kuruka kabisa. Wachache tu hupata mabawa marefu. Hili lina maana kubwa kwa mkulima: panzi wanaokula muhogo wako hawakutoka nchi ya mbali. Walianguliwa kwenye kichaka kilicho karibu, pengine mpakani mwa shamba lako.

Mwaka wake mmoja

Kuna kizazi kimoja tu kwa mwaka. Mayai hukaa ardhini miezi sita hivi au zaidi. Tunutu wakianguliwa hujivua gamba mara tano au sita, kazi inayochukua miezi miwili hadi mitatu na zaidi kidogo kutegemea joto na chakula, kisha wanakuwa panzi kamili, wanakula wiki kadhaa, wanajamiiana, wanataga na kufa.

Usinakili kalenda ya mahali pengine. Kusini mwa Nijeria mayai hutagwa kati ya Machi na Mei na kuanguliwa Oktoba au Novemba, kiangazi kinapoanza. Afrika Kusini nako huanguliwa Oktoba na Novemba, lakini kwao huo ni mwanzo wa mvua. Kinachokufaa ni tarehe moja ya shamba lako mwenyewe: siku ulipoona panzi wakubwa wamekusanyika ardhini chini ya kichaka. Iandike. Kuanzia hapo una takriban miezi sita ya kufukua mayai, na ukifika mwezi wa tano tangu tarehe hiyo uanze kwenda kukagua kama tunutu wametoka.

Jike anapotaga hukunja tumbo, ncha yake yenye meno magumu ikichimba kwenda chini huku tumbo likirefuka, na mayai hutoka pamoja na povu. Povu likikauka huwa gumu lenye vishimo kama sponji, na kifuko kinachopatikana kina urefu wa sentimita 2 hadi 3, umbo na ukubwa wake ukifanana na karanga changa yenye ganda. Ndani yake mna makumi ya mayai membamba yaliyopangwa. Kifuko hakiendi chini sana. Vingi vimo ndani ya sentimita chache za juu.

Na jambo linalomsaidia mkulima kuliko yote ni kwamba majike hawatagi ovyo. Hukusanyika, madume yakiwa pamoja nao, mahali penye kivuli, udongo laini wenye unyevu na nyasi chache: chini ya vichaka, kwenye ua wa miti, kando ya njia ya maji. Mamia wanaweza kutaga kwenye eneo la mita chache tu za mraba, kwa siku nyingi mfululizo. Hatari ya ekari nzima imefichwa mahali unapoweza kupageuza kwa jembe asubuhi moja.

Kwa nini muhogo huchelewa kuliwa

Tunutu wadogo hawali muhogo unaostawi. Jani bichi la muhogo likitafunwa hutoa sumu ya sianidi, na tunutu akionja huacha. Kwa hiyo wiki za mwanzo hula magugu na majani laini ya porini, na mkulima anapita hapo akidhani hawana madhara. Wakishakua, wakawa wengi na magugu yakaanza kukauka, njaa hushinda ladha mbaya na wanahamia kwenye muhogo. Huanza na majani, kisha magome ya matawi machanga.

Jani lililonyauka ni habari nyingine: uwezo wake wa kutoa sianidi hupungua, na tunutu hulila bila shida. Hapa kuna makosa mawili yanayofanyika kila msimu. La kwanza ni kuacha marundo ya majani na matawi ya muhogo uliovunwa karibu na vichaka wanamoanguliwa. Unawalisha katika umri ambao wangehangaika. La pili ni kupalilia shamba lote kwa mkupuo wakati tunutu wamefikia nusu ya ukubwa. Umewaondolea chakula chao na kuwaachia kimoja tu. Kama unapaswa kupalilia wakati huo, ua kwanza makundi ya tunutu, ndipo upalilie.

Muhogo mchanga huumia zaidi kuliko uliokaribia kuvunwa. Panzi hawa hula pia kunde, maharage, mtama, pamba, michungwa na miche ya mboga, na kitalu cha miche kinaweza kumalizwa kwa siku chache.

Kufukua mayai

Anza kutafuta panzi wakubwa wakiwa bado hai, maana wao ndio watakaokuonyesha. Zunguka vichaka vyote ndani ya mita 100 kutoka shambani, saa za mchana ambapo jua ni kali na wao wako kivulini. Ukikuta kundi lililotulia ardhini, wengine wakiwa wamezamisha tumbo kwenye udongo, piga kigingi kirefu chenye kitambaa. Usiweke jiwe, litafunikwa na majani. Rudi kila baada ya siku tatu au nne, kwa sababu eneo hutanuka. Sogeza vigingi hadi vizunguke ukingo wote.

Usifukue wakati bado wanataga. Ukivuruga udongo mapema, waliobaki watahamia kichaka kingine ambacho hukukiwekea alama. Subiri mpaka uone mizoga ya panzi na hakuna wapya, kisha subiri siku chache zaidi.

Kabla ya kugeuza eneo zima, chimba kipande cha sentimita 30 kwa 30 katikati yake na uchambue udongo kwa vidole. Ukipata vifuko kadhaa, endelea. Usipopata hata kimoja, sogea hatua mbili upande wenye kivuli kizito na ujaribu tena. Kuna watu wamegeuza kichaka kizima wakakosa mayai yaliyokuwa mita mbili pembeni.

Kazi yenyewe:

1. Fyeka na ondoa kivuli kwanza. Matawi yakibaki juu, jua halitafika ardhini na vifuko vitakaa na unyevu wao.
2. Geuza udongo kina cha sentimita 10 kwa jembe la mkono. Hakuna haja ya kwenda chini zaidi. Kuchimba kina cha sentimita 25 au 30 kwa bidii huzika vifuko badala ya kuvifunua.
3. Vunja mabonge. Kifuko kilicho ndani ya bonge kubwa kinalindwa kama kilivyokuwa. Reki au uma wa shamba unasaidia.
4. Acha udongo wazi juani angalau wiki moja, kisha ugeuze mara ya pili. Jua hukausha mayai. Ndege na siafu humaliza yaliyo juu.

Chagua siku zisizo na mvua. Mvua kubwa ikinyesha siku ileile, udongo husombwa na kuvifunika tena vifuko, na ikibidi utarudia. Wakati mwingine utakuta ndani ya kifuko funza au mabuu wanaokula mayai. Mabuu ya mbawakavu wa malengelenge hufanya kazi hiyo, ingawa wakubwa wao ni waharibifu wa maua ya kunde, kwa hiyo hakuna sababu ya kuwahifadhi.

Sehemu ngumu ya kazi hii ni mipaka. Vichaka vizuri vya kutagia mara nyingi ni vya jirani, vya shule, au viko kando ya barabara na havina mwenyewe. Ukifukua vyako peke yako, tunutu wa jirani watatembea hadi kwako. Leteni suala hili kwenye mkutano wa kitongoji au kwa afisa ugani mapema, mgawane vichaka kwa majina, na mfukue wiki moja. Kwa mdudu asiyeruka, kijiji kinachofanya hivyo misimu miwili mfululizo kitaona tofauti, kwa sababu hakuna wa kutoka mbali kuja kujaza nafasi.

Tunutu wakishatoka

Wiki mbili au tatu za mwanzo ndizo za kutumia. Wakati huo hukaa makundi kwa makundi, na jioni hupanda juu ya magugu na vichaka vifupi kulala. Alfajiri bado wamepoa na hawaruki. Njia isiyo na gharama ni ndoo ya lita 10 yenye maji na vijiko vikubwa vitatu vya sabuni ya maji: inamisha tawi juu ya ndoo na ulikung'ute kwa nguvu. Bila sabuni wengi huelea na kutoka. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mkononi kwa sababu ya yale majimaji. Jua likishapanda, acha, utawatawanya tu.

Mwarobaini hufanya kazi vizuri kwa tunutu wadogo na vibaya kwa panzi wakubwa. Tumia viini vya mbegu zilizokaushwa kivulini, zisizo na ukungu na zisizozidi mwaka mmoja tangu kuvunwa. Kwa bomba la lita 15 pima gramu 750 za viini, twanga mpaka viwe unga mzito, funga kwenye kitambaa na loweka usiku mzima kwenye lita hizo 15 za maji. Asubuhi kamua, chuja mara mbili (nozeli huziba kwa haraka), weka kijiko kikubwa kimoja cha sabuni ya maji, na upulize siku hiyohiyo jioni. Dawa iliyolala hupoteza nguvu, na jua la mchana huivunja juu ya jani. Rudia baada ya siku 5 hadi 7. Watu wengi huiacha kwa kuwa kesho yake tunutu bado wako hai. Haiui papo hapo: inawafanya wasile na washindwe kujivua gamba. Kipimo cha kweli ni majani. Yakiacha kuliwa, dawa imefanya kazi.

Ipo pia kuvu inayoua panzi na nzige, Metarhizium acridum. Utafiti wake ulianza mwaka 1989 chini ya LUBILOSA, mradi wa kimataifa wa kudhibiti nzige na panzi kwa njia za kibayolojia, na panzi wa Zonocerus alikuwa miongoni mwa wadudu iliyojaribiwa kwao huko Benini. Mwaka 2009 ilipulizwa kutoka angani nchini Tanzania, kwenye takriban hekta 10,000 za mbuga ya Iku-Katavi, tambarare za Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, dhidi ya nzige wekundu. Spora zake, yaani chembe ndogo za kuzalia, hunata kwenye ngozi ya mdudu, huota, hupenya na kumla kwa ndani. Haina madhara kwa nyuki, kuku wala watu wanaoila mboga, na ndiyo tungeichagua kwanza kila inapopatikana. Kiwango cha kawaida ni gramu 25 hadi 50 za spora kwa hekta zikiwa kwenye mafuta, na lebo ndiyo ya kufuatwa.

Inataka uvumilivu na utunzaji. Kifo huja baada ya wiki moja hadi tatu. Panzi aliyeambukizwa huota jua ili apandishe joto la mwili na kuidumaza kuvu, kwa hiyo kwenye siku za baridi usiku na jua kali mchana huchukua muda zaidi. Pakiti iliyokaa kwenye duka lenye bati la moto huwa imekufa kabla hujainunua. Uliza ilihifadhiwa wapi. Usiichanganye na dawa ya ukungu kwenye bomba moja, na puliza jioni.

Sumu za viwandani

Zitumie kwa makundi tu, si kwa shamba zima. Tunutu waliolala kwenye kichaka cha mita mbili wanahitaji lita moja au mbili za mchanganyiko, na ukiwapata alfajiri umeokoa lita 100 ambazo zingeenda shambani baadaye. Nunua kiuatilifu kilichosajiliwa na mamlaka ya viuatilifu ya nchi yako, TPHPA kwa Tanzania au PCPB kwa Kenya, chenye panzi na zao lako kwenye lebo.

Kwa kiasi kidogo, piga hesabu kwa lita. Lebo ikisema mililita 30 kwa lita 15, hiyo ni mililita 2 kwa kila lita. Ukichanganya lita 2 unaweka mililita 4, zipimwe kwa bomba la sindano litakalobaki kwa kazi hiyo peke yake. Kukadiria kwa kifuniko cha chupa ndiko kunakofanya mmoja aunguze majani na mwingine apulize maji matupu. Ukilazimika kupuliza eneo pana, pima kwanza kwa maji: puliza mita 10 kwa 10 ukitembea mwendo wako wa kawaida. Ukitumia lita 3, ekari itahitaji lita 120 hivi, yaani mabomba 8 ya lita 15.

Muhogo una jambo la pekee ambalo lebo nyingi hazilisemi wazi. Majani yake ni mboga. Anayepita jioni kuchuma kisamvu hajui ulipuliza asubuhi, na anaweza kuwa mtoto wa jirani. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zihesabu hata kwa kuchuma majani, si kwa kung'oa mizizi tu. Funga kamba yenye vitambaa vyekundu kuzunguka sehemu iliyopulizwa na uwaambie majirani kwa mdomo. Usipopata lebo inayotaja siku hizo, usipulize shamba ambalo watu wanachuma kisamvu. Tumia ndoo, mwarobaini au kuvu.

Shamba likishaliwa

Usiling'oe kwa hasira. Muhogo uliopoteza majani huchipua tena, lakini unachipua kwa kutumia wanga wa mizizi. Kama mizizi imeshakomaa, vuna mara moja kabla machipukizi hayajaanza kula akiba. Kama bado ni midogo, iache mpaka majani mapya yafunike shamba na miezi kadhaa ipite. Ukivuna katikati utapata mizizi yenye maji na wanga kidogo, isiyofaa kwa unga. Usikate mbegu za kupanda kutoka kwenye mashina yaliyotafunwa magome: vichipukizi vingi vimekufa, na panzi huyu anaweza kubeba bakteria wa mnyauko wa muhogo kutoka shina hadi shina. Chagua mashina safi, na kabla ya kupanda tena zunguka vichaka na vigingi vyako.